Mburo, Karamoja au kinamasi cha Kafu: kuchagua uwindaji wako wa kwanza Uganda

Anayejiandaa kuwinda kwa mara ya kwanza huanza na swali la bunduki: ninunue ipi? Swali ni zuri, ila limeruka foleni. Uganda ina nchi tatu za kuwindia zisizofanana hata kidogo: ranchi za Ankole kuzunguka Ziwa Mburo, nyika kavu ya Karamoja, na vinamasi vya mafunjo vya bonde la mto Kafu. Kila moja ina wanyama wake, umbali wake wa kupiga, miezi yake na namna yake ya kumtoa mgeni jasho. Ukishajua unakwenda wapi, nusu ya maswali ya bunduki, viatu na idadi ya siku yanajijibu yenyewe.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ukarejeshwa kwa majaribio 2001 kwenye ranchi zinazopakana na Mburo. Sasa unasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA) chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na kampuni inayokuuzia safari inatakiwa iwe na haki ya matumizi ya wanyamapori ya daraja A, ambayo ndiyo ya uwindaji. Kabla ya kutuma malipo ya awali, omba vitu viwili kwa maandishi: nakala ya haki hiyo ikitaja eneo, na mgao wa mwaka huu wa mnyama unayemtaka. Mgao hupangwa kwa kila aina na kila eneo, kwa hiyo kampuni inaweza kuwa halali kabisa huku mgao wake wa pofu, yule swala mkubwa, umeshaisha. Ndani ya hifadhi za taifa hakuna anayewinda. Atakayekuambia vinginevyo anakuuzia jela.

Ranchi, nyika, kinamasi

Mburo ndiyo shule. Ni kama saa nne kwa gari kutoka Kampala kwa lami ya Mbarara, simu inashika, na mji wenye hospitali haupo mbali. Huku ndiko kwao swala pala wa Uganda, na pamoja naye utakuta nyamera, kuro, pongo, punda milia, pofu, tohe, taya, ngiri, hata nyati. Migunga imefunga sehemu kubwa ya malisho, kwa hiyo unanyatia kutoka kichaka hadi kichaka na kupiga kati ya mita 80 na 180. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba nafasi hazikosekani. Ukiharibu mnyatio asubuhi, jioni unaweza kupata mwingine, na kosa unalikumbuka bado likiwa la moto.

Hatari ya Mburo si simba, ni ng'ombe. Hizi ni ranchi za watu. Nyuma ya swala pala dume unayemlenga panaweza kuwa na kundi la ng'ombe wa pembe ndefu, mchungaji aliyekaa kivulini, au boda boda inayopita njia ya maziwa. Risasi ikimtoboa mnyama inaendelea na safari. Ndiyo maana mwindaji bingwa, yaani mtaalamu wa kampuni anayekuongoza porini, atakukataza kumpiga mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima na mbingu nyuma yake: subiri ashuke hadi awe na udongo nyuma. Mgeni asiyeweza kungoja dakika hizo hafai kuwindia kwenye ranchi, hata awe na shabaha ya namna gani.

Karamoja ni habari nyingine. Kwa barabara ni siku nzima ya kuchoka. Wengi hukodi ndege ndogo hadi Kidepo. Maeneo ya wanyamapori ya jamii kama Iriiri, Amudat na Karenga ndiyo yanayotajwa zaidi, na mnyama anayewapeleka watu huko ni nyati. Nyati wa upande huu ni mwepesi wa mwili kuliko wa kusini mwa Afrika na pembe zake hazitandi sana. Anayepima thamani kwa sentimita za pembe atafute kwingine. Anayetaka kufuata nyayo kutoka majini alfajiri hadi nyati wanapolala saa tano, hapa ndipo. Tarajia kilomita 10 hadi 15 kwa mguu kwa siku, joto kali, na maji lita nne au tano kwa kila mtu. Mvua huanza kama Aprili na kuendelea hadi Septemba. Nenda Desemba hadi Machi, nyasi zikishaungua. Ukienda Novemba kwa sababu tiketi ni rahisi, utakuta nyasi za kufika kifuani, na nyati aliye mita 20 humwoni mpaka umsikie anapumua.

Kuna na jambo la silaha. Karamoja imepitia kampeni za kunyang'anya bunduki tangu 2001, na operesheni iliyopewa jina Usalama kwa Wote ilianza 2021. Askari wa kizuizini hana sababu ya kukuamini kwa sura. Hati halisi za bunduki ziwe mkononi mwako, si kwenye simu wala kwenye gari la mbele, na bunduki ikae ndani ya mfuko wake kila mnapopita kituo cha biashara.

Kafu ni ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazoweza kupita sentimita 15, zilizoumbwa kukanyaga mafunjo yaliyolala juu ya maji. Hapa hutembei, unakaa. Mnafika gizani, mnapita tope la kufika mapajani, mnapanda dungu la miti lililojengwa ukingoni mwa uwazi, kisha mnangoja. Nzohe hutoka dakika chache alfajiri na jioni. Dume anaweza kuonekana shingo tu, mita 60 au 150, kwa muda wa pumzi tatu. Siku nne mfululizo za kutoona kitu si bahati mbaya, ni kawaida. Akijeruhiwa huzama na kubakiza pua nje, na kumtafuta kwenye mafunjo marefu kuliko mtu ni kazi inayoshindikana mara nyingi.

Kwa safari ya kwanza, Mburo kwa siku sita au saba, na ukiwa na siku tano za ziada uongeze Kafu, kwa sababu bunduki moja inatosha kote kuwili. Karamoja iende ya pili. Nyati kama mnyama wa kwanza kabisa maishani ni chaguo la mtu ambaye tayari anapiga vizuri akiwa amechoka na moyo unadunda, na watu hao hawahitaji kusoma makala kama hii.

.30-06, .300, .375 au .416

Tuziweke bunduki nne zinazopatikana kwa urahisi, kila moja ikiitwa kwa kipimo cha risasi yake. .30-06 hurusha kichwa cha risasi cha greni 180 (gramu 11.7) kwa mita 820 hivi kwa sekunde. .300 Winchester Magnum hurusha kichwa hichohicho kwa mita 900. .375 H&H, iliyotoka 1912, hurusha greni 300 (gramu 19.4) kwa mita 770. .416 Rigby hurusha greni 400 (gramu 26) kwa mita 730. Nguvu mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 3,900, 4,700, 5,700 na 6,900.

Watu husema .375 ni nzito, haifai kwa mbali. Pima. Bunduki zote mbili zikiwa zimewekwa sawa kwa mita 180, zikifika mita 275 risasi ya .300 imeshuka kama sentimita 17, na ya .375 yenye kichwa cha ncha kama sentimita 23 hadi 25. Tofauti haizidi upana wa kiganja, tena kwa umbali ambao Mburo hupigi na Kafu huoni.

Kinachotofautisha hasa ni bega. .375 hupiga teke karibu maradufu ya .30-06, na .416 karibu mara tatu. Teke lenyewe halimkoseshi mtu. Kinachokosesha ni kulingoja. Mpigaji anafumba jicho na kuvuta triga kwa nguvu sehemu ya sekunde kabla ya mlio, mtutu unainama, risasi inaingia tumboni. Jipime hivi: mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi za kweli na za bandia bila wewe kuona mpangilio. Ikifika ya bandia, mtutu ukiinama, ugonjwa unao. Dawa ni kushuka hadi .22 kwa wiki kadhaa na kurudi polepole, risasi 10 tu za .375 kwa kikao. Ukizidisha, bega linajifunza uoga.

Kwa nyati, .375 ndiyo kima cha chini kinachokubalika katika nchi nyingi za uwindaji barani. Hapa kila mara atatokea wa kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya nyika hiihii, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila pembe. Asiyefanya hesabu hiyo asichukue jibu lake.

Uamuzi, basi. Unakwenda Mburo na Kafu tu na tayari una .30-06: baki nayo, nunua risasi nzuri. Unataka kununua bunduki moja itakayokufikisha Karamoja baadaye: .375, yenye darubini inayoanzia ukuzaji wa 1 au 1.5 na kuishia 6. .300 ni bunduki nzuri ya milimani. Kwenye vichaka vya mita 60 kasi yake hupasua vichwa laini vya bei ya chini mfupani na kuharibu nyama ya mkono mzima. .416 iache kwanza.

Darubini iwe na nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo chake, isiyopungua sentimita 9. Mpigaji mgeni wa .375 anayesogeza uso mbele huondoka na alama ya nusu mwezi juu ya nyusi, na baada ya hapo kila risasi anaiogopa.

Mazoezi ya mezani hayakusaidii. Uganda utapiga umesimama, mtutu ukiwa juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, mfuata nyayo akizisimika mbele yako. Tengeneza zako kwa mianzi na kipande cha tairi la baiskeli, weka sahani ya sentimita 15 kwa mita 100, na usiondoke nyumbani kabla hujaweza kuipiga mara tatu kwa tatu, kila risasi ndani ya sekunde 10 tangu fimbo ziguse ardhi. Jizoeze pia kuzungusha bolti, komeo linaloingiza risasi nyingine, bunduki ikiwa bado begani. Wengi huishusha kutazama walichokifanya, na mnyama aliyejeruhiwa hatakungojea umalize kutazama.

Yako au ya kukodi

Kubeba yako maana yake ni makaratasi. Kibali cha kuingiza bunduki Uganda kwa muda hupitia polisi, kampuni ikikuombea miezi kadhaa mapema. Namba ya bunduki, kipimo na idadi ya risasi kwenye kibali vilingane na kilicho sandukuni herufi kwa herufi; namba moja ikikosewa, Entebbe bunduki inabaki nyuma ukiendelea na safari bila kitu. Nchi unayobadilishia ndege nayo huenda ikadai kibali chake: Uholanzi hutaka ruhusa hata kama bunduki haitoki uwanjani Amsterdam. Mashirika ya ndege hukubali risasi zisizozidi kilo 5, zikiwa kwenye kisanduku chake, mbali na bunduki, na sanduku la bunduki liwe gumu lenye kufuli. Kilo 5 zinatosha na kubaki: risasi moja ya .375 ina uzito wa kama gramu 40, na 40 zinakutosha safari nzima. Anayekuja kwa barabara kupitia Mutukula au Busia asidhani leseni ya nyumbani inavuka mpaka. Anahitaji ruhusa ya kutoa silaha kwao na ya kuingiza Uganda.

Unachopata kwa usumbufu huo ni bunduki ambayo mkono wako unaijua gizani. Kwenye dungu la nzohe, mahali pa kitufe cha usalama na uzito wa triga ni nusu ya mchezo.

Ya kukodi inakuondolea makaratasi yote, na kwa anayeanza kwa wanyama wa kawaida mara nyingi ndiyo busara. Tatizo lake ni kwamba kitako kimechongwa kwa kiwiliwili cha mtu mwingine. Kikiwa kirefu kwako, kinanasa kwenye shati ukipandisha haraka. Kikiwa kifupi, darubini inakusogelea usoni. Wa mkono wa kushoto aulize mapema, maana bolti za kushoto ni adimu. Uliza kwa maandishi: kipimo gani, darubini ipi, kichwa cha risasi cha aina gani, bei kwa siku, bei kwa kila risasi, na nani analipa ikivunjika. Beba mto wa mpira wa kuvalisha kitako. Una uzito mdogo na hurekebisha urefu pia.

Ukifika kambini, bunduki iwe yako au ya kukodi, usiende porini siku hiyo kabla ya kuikagua. Chungulia mtutu, hasa kama kuna mafuta au nyigu amejenga. Kaza skrubu za darubini. Piga risasi tatu kwa mita 100. Kisha, na hili wengi huliruka, jaza magazini kikamilifu na uzungushe bolti hadi ziishe, kwa kasi, kwa sababu bunduki inayolisha risasi ya kwanza vizuri inaweza kukwama ya tatu, na ya tatu ndiyo utakayoihitaji nyati akigeuka. Darubini ya mkononi njoo nayo mwenyewe. Ya kuazima huwa haitoshi watu wawili.

Laini au ngumu

Kwa swala wote, kichwa laini kilichounganishwa imara na ganda lake, au cha shaba tupu kinachofunguka. Kwa nyati, cha kwanza kiwe laini cha aina hiyo, vinavyofuata viwe vigumu visivyofunguka. Sababu ni kundi: kigumu kikimpata nyati ubavuni kinatoka upande wa pili na kumjeruhi aliye nyuma, na huyo naye utamlipia. Akishajitenga au anapokimbia akikupa mgongo, kigumu ndicho kinachopenya hadi ndani.

Aliyewahi kuwinda Ulaya au Marekani asahau kupiga nyuma ya bega. Moyo na mapafu ya wanyama wetu vipo mbele zaidi na chini zaidi: panda na mguu wa mbele, simama theluthi moja ya urefu wa mwili kutoka chini. Nzohe ndiye tofauti. Mpige bega la juu aanguke palepale, kwa sababu hatua 30 ndani ya mafunjo zinatosha kumpoteza. Nyati unaendelea kumpiga hadi alale, hata kama ya kwanza ilionekana safi. Akiingia kichakani amejeruhiwa, mwindaji bingwa atangoja nusu saa kabla ya kumfuata, na yeye ndiye anayeamua kama wewe unakwenda au unabaki.

Kubalianeni maneno kabla ya kutoka. "Wa pili kutoka kushoto" halina maana kundi likigeuka. Afadhali "yule aliyeinamisha kichwa, peke yake", na usipige mpaka umerudia maelezo na mwenzako amesema ndiye.

Mwilini

Nguo za jeshi za mabakabaka ni kosa la jinai kwa raia Uganda. Vaa kijani au kahawia tupu. Epuka bluu na nyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o. Viatu: Mburo na Karamoja, vya kufika kifundoni vyenye soli isiyopenywa na miiba ya migunga. Kafu, vya turubai vinavyotoa maji, kwa sababu buti za mpira hujaa na kubaki topeni. Maji hayo yanaweza kuwa na kichocho, hivyo panga kupimwa wiki kadhaa baada ya kurudi.

Kadi ya homa ya manjano ni ya lazima, na sindano ichomwe siku 10 kabla. Kwa malaria, atovakwoni-proguanili huanza siku moja au mbili kabla na kuisha siku 7 baada ya kutoka. Bei yake ni kali. Doksisaikilini ni nafuu, ila unaendelea nayo wiki nne na ngozi inaungua upesi na jua, jambo baya Karamoja kuliko Kafu. Meflokwini ya mara moja kwa wiki huwapa baadhi ya watu kizunguzungu na fadhaa. Kwa mtu atakayebeba silaha yenye risasi, tusingeipendekeza. Zungumza na daktari ukimwambia wazi unakwenda kufanya nini.

Bei ya jumla au ya vipande

Kampuni nyingine zinauza kifurushi: siku saba, wanyama wanne waliotajwa, bei moja. Nyingine zinatoza kwa siku, halafu ada ya kila mnyama aliyeanguka. Kifurushi kinaonekana rahisi, lakini asipopatikana mmoja wa wale wanne hela hairudi, na kinamsukuma mtu kupiga mnyama mdogo siku ya mwisho ili "asipoteze". Kwa Mburo bei ya vipande humfaa anayeanza. Kwa Kafu uliza swali moja tu: ukikaa siku zote bila kumwona nzohe, unalipa nini?

Kote kuwili, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipwa kama aliyepatikana. Damu ikionekana, ada imeshaingia. Soma pia kama bei inajumuisha vibali vya UWA, usafiri kutoka Entebbe, anayekusindikiza bila kuwinda, kutia chumvi ngozi na kuchemsha fuvu, na hati za kusafirisha nyara. Hizi za mwisho ndizo husahaulika, kisha ngozi zinakaa stoo Kampala miezi mingi zikisubiri mtu wa kulipia karatasi.